Nina Mume, Baba

"Baba, hiyo posa irudisheni. Mimi nina mume."

Mshenga aliyeleta posa ya Alfredi, mzee aliyetoka Masasi na suti yake nzito, alibaki na kikombe mkononi. Baba yangu, Abrahamu, mzee wa kanisa hapa Lulindi, alinitazama kana kwamba hanijui.

"Mume gani, Yuster?"

"Anaitwa Awadhi, mtu wa Newala. Tulifundisha shule moja Maskati, kule Omani. Likizo ya mwaka jana tukafunga ndoa bomani, Dar es Salaam."

Mama akajishika kifua. "Mwislamu?"

"Ndiyo, mama."

"Na wewe umesilimu?"

"Sijasilimu. Na yeye hajabatizwa."

Mshenga aliaga bila kumaliza chai. Baba akanyoosha kidole kwenye simu yangu.

"Mpigie. Weka sauti kubwa."

Nikapiga.

"Awadhi, niko na wazazi. Nimewaambia."

Nilisikia jogoo wa kwao akiwika.

"Yuster... nitakupigia baadaye."

Akakata. Ikaingia meseji: "Umeniharakisha. Mama bado sijamwambia. Nipe muda."

Baba alicheka kwa uchungu. "Huyo ndiye mume?"

Huyo hakuwa Awadhi niliyemjua. Kule Maskati, kila mwaka ilikuwapo Siku ya Mataifa, wanafunzi wakipita uwanjani na bendera za kwao. Watanzania tulikuwa wawili tu shuleni, yeye hesabu, mimi Kiswahili. Mkuu wa shule akasema bendera ni za wanafunzi, walimu wakae watazame. Awadhi akaenda sokoni kununua vitambaa, mimi nikashona kwa mkono. Siku ilipofika akaingia uwanjani peke yake na bendera yetu, mkuu akimpungia atoke. Hakutoka! Watoto wakashangilia, nami nikavua viatu vya kisigino nikamkimbilia, nikashika ncha ya pili. Tulionywa wote wawili. Ndipo nilipompenda. Ramadhani nilimpikia futari. Krismasi alisimama nami akaimba nyimbo asizozijua, akibahatisha maneno.

Asubuhi nilichukua bodaboda, nikapanda mlima hadi Newala.

Nilimkuta mama yake, Bi Mwanne, barazani akichambua mbaazi. Awadhi akatokea mlangoni, akaganda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Wewe wa nani?"

Nikamgeukia Awadhi. "Mwambie."

"Mama, huyu ni... mwalimu mwenzangu wa Maskati."

Mwalimu mwenzake! Damu ilinipanda kichwani.

"Awadhi, ulipita na bendera mbele ya shule nzima, mkuu anakupungia utoke, hukutetereka. Leo unamwogopa mama yako na ungo wa mbaazi?"

"Punguza sauti, majirani..."

"Wasikie! Sikuja kuomba ndoa, ndoa ninayo. Nimekuja kujua kama nina mume. Kama sina, sema hapa hapa nirudi kwetu. Mimi si wa kufichwa."

Bi Mwanne akaweka ungo chini taratibu. "Awadhi. Ndoa?"

Awadhi alishuka ngazi akaja kusimama ubavuni mwangu.

"Ni mke wangu, mama. Niliogopa utaniambia nimwache. Nami siwezi kumwacha."

"Kwa hiyo ukaona bora unifiche mkwe?" Sauti yake ilipasuka. Kisha akanigeukia. "Binti, sitakudanganya. Sijapenda. Nilitaka mkwe wa kuswali naye."

"Nakuelewa, mama. Lakini sitabadili dini ili nipendwe."

"Una mdomo wewe."

"Ninao, mama."

Akanikazia macho, halafu akamgeukia mwanawe. "Unangoja nini? Kavae viatu! Mwanamke amepanda mlima kukufuata, na wewe shuka ukajieleze kwa baba yake."

Tulishuka pamoja hadi Lulindi. Baba alikuwa mbele ya nyumba, akituona tangu barabarani. Awadhi akapiga magoti kwenye mchanga.

"Shikamoo, baba."

Baba hakuitikia.

"Jana ulikata simu."

"Nilikata, baba. Niliogopa. Leo nimekuja mwenyewe kusema Yuster ni mke wangu."

"Utambadilisha dini?"

"Nitaweza wapi, baba? Umemlea wewe, unamjua."

Mama alicheka, akajiziba mdomo haraka. Baba hakucheka.

"Alfredi ni kijana wa kanisani. Watu watanisema. Na mimi sitajifanya nimefurahi."

"Usijifanye, baba," nikasema. "Lakini mwitikie. Amekuamkia."

Alinitazama, akamtazama Awadhi pale chini, jasho likimtiririka shingoni. Nilisimama nyuma ya mume wangu na mkono begani kwake. Sikuuondoa.

Baba akashusha pumzi.

"Marahaba."

Kisha akageukia jikoni. "Mama Yuster, leta kiti. Mtu hali chakula amepiga magoti."