Shamba la Kuliwa

Funza alikitoboa kitumba cha pamba, akala kidogo, akajikunja, akafa. Kioo kikuzacho kilimwonyesha mkubwa kama mkono wa mtu, na umati wa Bariadi ukashangilia. Hiyo ndiyo pamba ya Dakta Minza Lugembe, iliyopandikizwa jeni la sumu isiyomdhuru binadamu. Ngassa, aliyesoma naye darasa moja, alipiga makofi huku roho ikimuuma.

Yeye alikabidhiwa hifadhi: ukanda wa pamba ya kawaida kando ya shamba la Minza, uliopandwa ili uliwe. Sababu aliijua. Funza wachache huzaliwa sugu, sumu haiwawezi. Wakishakuwa nondo na kupandana na nondo dhaifu wa hifadhini, watoto wao hufa kwa sumu. Hifadhi isipokuwa na nondo, sugu hupandana wenyewe kwa wenyewe, na watoto wao wote huzaliwa sugu.

Kilichomshinda ni midomo ya watu.

"Mtaalamu, kumbe wewe mfugaji," mama mmoja alimtania akipita. "Mwenzio anavuna, wewe unalisha wadudu."

Minza alipohamia Dodoma baada ya kupewa tuzo, Ngassa akaunda vidonoa, mashine ndogo zirukazo, zenye mdomo wa chuma, zinazopekua jani kwa jani na kumdonoa kila funza. Msimu haukuisha, ukanda wake ukawa mweupe pe. Wageni wakaja kupigia picha kwake. Kila Minza alipouliza habari za hifadhi, Ngassa alimjibu kuwa inaliwa vizuri.

Mwaka uliofuata funza walivitoboa vitumba vya Minza, wala hawakufa. Wakahamia mashamba ya vijiji vyote vilivyopanda mbegu ile, likiwemo la mama yake Ngassa. Hata hivyo, Ngassa aliposimama mbele ya pamba ya Minza iliyotobolewa, alihisi raha, na hakuionea haya.

Ndipo sura ya Minza ilipotokea hewani mbele yake, ikirushwa kutoka Dodoma. Macho yalikuwa mekundu. Hakulaumu mtu. Alisema pamba yake imeshindwa, na kwamba dawa imebaki moja tu.

"Kaka Ngassa, nondo wako. Wakusanye leo, wote, uwaachie shambani mwangu wapandane na hawa sugu. Wakulima sasa wanakutegemea wewe, si mimi."

Tangu chuoni Ngassa alikuwa akiyasubiri maneno hayo. Akaingia hifadhini, akainama, akaanza kufunua majani, moja baada ya jingine, akitafuta hata funza mmoja.