Pikipiki Aliyoiacha Mandani

Blanketi halikuwa na vumbi. Hilo ndilo jambo la kwanza Mahpare aliloliona alipofungua chumba cha mawe, na kama angekuwa na nafasi ya kuogopa angefunga mlango pale pale akarudi uani. Lakini mwanamke aliyefiwa na mume kipindi cha baridi, kisha akapanda mlima na kondoo wake huku shemeji yake akimfuata nyuma kama deni, hawezi kuogopa blanketi.

Pikipiki ilikuwa humo tangu vuli. Kila mwaka, kabla theluji haijaziba njia za milima ya Kuhrang, wafugaji huteremka na mifugo kwenda nchi ya joto. Njia ya kondoo haipitiki kwa magurudumu, kwa hiyo Mandani, mume wa Mahpare, alikuwa akiiacha pikipiki juu, anaifunika kwa blanketi, anafunga kufuli, na majira ya kuchipua anaikuta. Mwaka huu Mandani hakurudi. Kifua kilimbana huko huko chini, na kabla mganga wa hospitali hajafika alikuwa ameshakata roho.

Sasa sikiliza shauri lililokuwepo. Chemchemi iko bondeni kabisa, na mahali lori la wanunuzi linaposimama ni mbali zaidi. Mwenye pikipiki anaweza kukaa kwenye nyumba yake, achote maji yake, apeleke mtindi wake mkavu sokoni, asimnyenyekee mtu. Asiye nayo ahamie hema la ndugu wa mume, na akishahamia hapo, kila mtu anajua kitakachofuata ni ndoa. Khodakaram, yule shemeji, alilisema mbele ya wazee bila haya: "Ikiwaka, abaki kwake. Isipowaka, anakuja kwangu." Wazee wakaitikia, maana nani asiyejua pikipiki zilivyo baada ya baridi?

Mahpare akaivuta pikipiki hadi kwenye mwanga. Matairi yalikuwa yamejaa upepo. Cheni ilikuwa na mafuta mapya. Akaweka kiganja juu ya injini na kukiondoa upesi. Chumba kilikuwa baridi ya kuuma meno, lakini injini ilikuwa vuguvugu.

"Mama," aliita, "kuna mtu kaingia humu?"

Mama mkwe wake, Bibi Tela, alikuwa amekaa juani akisokota sufu. "Kufuli si umelipiga na jiwe ndipo likafunguka? Kutu tupu. Aingie nani?"

"Kuna mtu anaitunza."

Bibi Tela akaacha kusokota. "Ulipofungua mlango ulipiga bismillahi?"

"Nimepiga."

"Mimi sikukusikia."

Mahpare alifungua koki ya petroli, akavuta choki, akapiga kiki. Hakuna kitu. Akapiga tena hadi jasho likamtiririka mgongoni, na pikipiki hata kukohoa haikukohoa. Ndipo kivuli kikaanguka mlangoni, na Khodakaram akaingia na istikani yake ya chai mkononi, utadhani kaja harusini.

"Hiyo imekwenda na mwenyewe, shemeji. Iache ipumzike."

"Nani kakupa ufunguo wa chumba hiki?"

"Ufunguo? Unao wewe shingoni." Akapiga funda la chai. "Theluji ilifika kifuani huku. Kama kuna mwanamume aliyepanda kuja kukutunzia pikipiki, huyo anakupenda sana. Nitajie jina lake nimjue."

"Toka nje, shemeji."

"Natoka. Nitakuwekea mahali pa kulala, usijali."

Alipoondoka, hasira ilimpanda Mahpare. Alikuwa na hakika ni yeye aliyeiharibu. Nani mwingine angenufaika? Lakini hasira yake ilikuwa na tundu, na yeye mwenyewe aliliona: mtu anayetaka pikipiki ife haipaki mafuta.

Akaanza upya, polepole, kama Mandani alivyomfundisha siku zile watu waliposema hadi wakachoka, kwamba mke wake anapanda pikipiki. Alichomoa plagi, akailaza juu ya injini, akapiga kiki. Cheche ikaruka, ya buluu, safi. Akairudisha mahali pake, akapiga kiki: kimya. Akaichomoa tena: cheche. Akairudisha: kimya. Ilikuwa kana kwamba moto ukiingia ndani kuna mtu anauzima kwa vidole.

Basi labda ni petroli. Akauchomoa mpira unaotoka kwenye tenki, upande wa injini, koki ikiwa wazi, halikutoka hata tone, ingawa tenki alilitikisa akalisikia limejaa. Mpira umeziba, akasema moyoni. Fundi yeyote angefanya alivyofanya: aliuweka ule mpira mdomoni ili aupulize uzibuke. Akapuliza, na mpira haukupitisha, akavuta pumzi ndefu zaidi akapuliza kwa nguvu mpaka masikio yakavuma, na alipoishiwa pumzi, kabla hajautoa mdomoni, kutoka upande wa pili, ndani ya tenki lile la bati ambamo hata panya asingeenea, mtu akampulizia yeye, taratibu, pumzi ya moto yenye harufu ya moshi na maziwa yaliyochacha, ikajaa kinywani mwake na kushuka kooni kabla hajaweza kupiga kelele.

Akatoka nje akitambaa. Bibi Tela alimshika mabega, akamsikiliza, na uso wake ukapauka.

"Usilitaje jina lao," alinong'ona. "Sema walio bora kuliko sisi. Wako karibu, wanasikia."

Khodakaram alipoambiwa alicheka mpaka akashika tumbo. "Sasa mmeniletea na majini! Nipisheni niwaonyeshe chuma kilichokufa." Akaingia, akapanda, akakanyaga kiki kwa uzito wake wote. Wale waliokuwa nje wanasema kiki haikurudi kama kiki zinavyorudi. Ilimsubiri. Ilimwacha akanyage hadi chini, ikakaa kidogo, kisha ikapanda, na mfupa wa mguu wake ukasikika ukivunjika hadi kwenye zizi.

Walimfunga mguu kwa vijiti, na Bibi Tela akamtuma mtu kwa Mulla Seifollah, mwandika dua aliyepiga hema nyuma ya ukingo wa mlima. Mulla alikuwa mzee mkavu asiyependa maneno mengi. Alikuja na chumvi na karatasi zake, akaingia chumbani peke yake mchana kweupe, akafunga mlango. Haukupita muda akatoka, na karatasi hakuzitumia hata moja.

"Sifukuzi," alisema.

"Mulla, tutakupa kondoo," alisema Bibi Tela.

"Hata ukinipa kundi. Mimi nafukuza wavamizi, bibi. Wezi. Huyo humo ndani si mwizi, ni mwaminifu kuliko mimi na wewe. Amekabidhiwa kitu, anakilinda." Akamgeukia Mahpare. "Nani alikuwa wa mwisho kutoka humu vuli, na alisema nini?"

Mahpare akainama. Kila familia, ikiacha nyumba ya juu, huiaga. Huwekwa kipande cha mkate na chumvi kizingitini, husemwa salamu, basi. Lakini Mandani hakuwa mtu wa kuishia hapo. "Alisema, ewe uliye humu, pikipiki yangu ni amana kwako, usimpe mtu hadi nije mwenyewe. Alikuwa anatania, Mulla."

"Wao hawana utani. Alisema hilo tu?"

"Hilo tu," alijibu Mahpare, akiona haya kuendelea, maana mengine yalikuwa ya mtu na mkewe.

Mulla akamwonyesha mlango. "Basi ingia uombe kwa adabu. Mwambie wewe ni mrithi."

Aliingia. Alisimama mbele ya pikipiki, mikono kifuani, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye ni mjane wa Mandani, na kwamba anaomba kile alichoachiwa na mumewe. Chumba kizima kikanuka moshi na maziwa. Kisha harufu ikasogea kando, kama mtu anayempisha mgeni mlangoni. Akapiga kiki moja. Injini ikawaka, ikanguruma ikatulia, na Mahpare akalia kwa furaha hadi akakaa chini.

 Khodakaram alipandishwa juu ya nyumbu na mguu wake, akaenda hemani kwake.

Yalikuwa majira mazuri ya joto. Mahpare alichota maji yake, akauza mtindi wake, akalala kwake. Asubuhi aliikuta pikipiki imefutwa umande, na hakuuliza. Binamu mmoja wa mumewe alikuja na soksi za zawadi kutafuta uchumba. Nyumbu wake akagoma pale kwenye jiwe la kwanza la ua, akapigwa, akagoma, mwishowe mtu akarudi na soksi zake. Mahpare alicheka siku nzima. Alianza kumwachia mkate kizingitini yule wa ndani, akijisemea kwamba hajawahi kupata mlinzi wa namna hiyo, hata alipokuwa na mume.

Vuli ikafika. Mahema yakang'olewa, kondoo wakatangulizwa, na Mahpare akaifunika pikipiki, akafunga kufuli bila kusema neno lolote, safari hii kwa makusudi kabisa. Akaufuata msafara kwa miguu, mkono kwa mkono na mama mkwe wake. Walipofika kwenye kona ambapo nyumba hupotea machoni, Mahpare akasimama.

"Twende, mwanangu, mawingu yanashuka."

"Nakuja," alisema Mahpare, na miguu yake ikageuka ikaanza kupanda.

Bibi Tela alidhani amesahau kitu. Akamwita, akamkimbilia, akamvuta. Mahpare akawa anasema, "Nakuja, mama, nakuja," akinyoosha mikono kuelekea msafara huku nyayo zake zikipanda mlima moja baada ya nyingine. Khodakaram, ambaye mguu wake haukupona sawasawa, alirudi na nyumbu, wakampakia, wakamfunga kamba kiunoni, na nyumbu naye, aliyekuwa ameshika njia vizuri tangu asubuhi, alipofika kwenye kona ile akageuka, akapanda na mzigo wake hadi uani, akasimama mbele ya chumba cha mawe akitetemeka mwili mzima.

Ndipo Mahpare akasema yote, mbele ya shemeji yake, bila haya tena. "Siku ile ya kuaga nyumba nilikuwa nimemnunia. Akataka nicheke. Akasema, pikipiki yangu ni amana, na huyu mke wangu ni amana pia. Nikicheleweshwa huko chini akarudi peke yake, mshike, usimpe mtu, usimwache aende, hadi nije mwenyewe. Nikacheka, mama. Nilicheka sana."

Khodakaram alianza kusoma aya, akakosea, akaanza tena. Bibi Tela alimsukuma kando. Alikwenda akasimama mlangoni mwa chumba kile, mwanamke mzee aliyezaa wana wawili akazika mmoja, akasema maneno ambayo tangu msiba hakuwa ameyatamka kwa kinywa chake.

"Mandani amekufa. Mimi mama yake nakwambia. Nimelilia kaburi lake. Hatarudi, unanisikia? Hatarudi. Mwachie mke wake."

 Upepo ulikuwa umeacha. Kisha kutoka ndani, nyuma ya kufuli, sauti ikajibu, ya chini, ya heshima, ya mtu aliyelelewa vizuri.

"Pole sana kwa msiba, mama. Lakini nendeni tu, njia inafungwa. Nitamngoja mwenye amana. Mimi sina haraka."