Sweta ya Moti

Asubuhi hiyo tepu ya kupimia ilikuwa na joto. Selpher aliitoa kwenye droo ya cherehani, kibandani kwake Adams Arcade, akaikuta imeloa mate, na kibanda kizima kinanuka mbwa aliyenyeshewa. Akajiambia ni unyevu wa mvua tu. Mtu mwenye hatia, jamani, hakosi la kujiambia.

Hatia yenyewe ilikuwa hii. Selpher alikuwa fundi wa sweta na magodoro ya mbwa, kazi ambayo kwao waliicheka mpaka wakachoka. Mbwa hupimwa akiwa amesimama, shingo hadi mkiani, kisha kifua. Na shingoni sharti fundi aingize vidole viwili chini ya tepu, ili mnyama apate kupumua. Moti, mbwa mzee wa Madam Sonal, alikuwa akidondosha mate ovyo. Selpher aliona kinyaa, akampima shingo harakaharaka bila kuingiza vidole. Godoro lilimtosha Moti vizuri sana. Sweta ilimkaba, akakutwa amekufa juu ya godoro hilohilo.

Sonal alipokuja kuuliza, alikuja na Ochola, mfanyakazi aliyekuwa akimvisha Moti. Hapo ndipo Selpher alipoharibu. Angesema nimekosea, yangeishia hapo. Lakini ulimi hauna mfupa. Alisema Ochola ndiye aliyeivuta sweta vibaya, na alipoona bado anatazamwa akaongezea kiapo.

"Naapa kwa uhai wa Peres wangu, vipimo vilikuwa sawa."

Peres ni mtoto wake wa pekee. Ochola aliinamisha kichwa, na siku hiyohiyo akafukuzwa kazi.

Baada ya joto la tepu zikaja kucha. Selpher akikanyaga cherehani, alizisikia zikitembea kwenye simiti nyuma yake. Akiacha kukanyaga, nazo zinaacha. Kisha kitu hicho kikamfuata nyumbani Uthiru, na huko hakikumtaka yeye. Peres alianza kulalamika kwamba sweta ya shule inambana. Selpher akaipanua shingo, ikabana; akaifumua na kuishona upya, ikabana; na siku alipomvua kabisa akamwacha kifua wazi, mtoto aliendelea kukohoa na kujishika koo, na pale kwenye ngozi tupu mama aliona mstari mwembamba ukizidi kuzama, kama vile kuna mtu anavuta tepu polepole, huku harufu ya mbwa aliyenyeshewa ikijaa chumba na kitu kikihema, kikihema, chini ya kitanda.

Akamfunga mtoto mgongoni, mbio hadi Dagoretti Corner kwa Mama Nzula, mganga wa Kikamba anayesifika kwa kutoa majini. Alimweleza yote, hata lile la Ochola, kisha akapiga magoti.

"Mbwa wa watu ananiulia mtoto."

Mama Nzula alimnusa Peres shingoni, akajibu kwa sauti ya chini.

"Huyo si mbwa, mama. Mbwa hana kinyongo. Hilo ni jini. Liliokota kiapo chako, likajivika umbo la mbwa ili ulitambue. Wewe ulimweka mtoto rehani, nalo limekuja kuchukua chake."

"Litoe basi, nakuomba."

"Mimi siliwezi. Nenda kwa waliokusikia ukiapa, ukikane kiapo mbele yao. Wote. Asibaki hata mmoja."

Sonal alimsikiliza getini akikikana kiapo, akalia, kisha akafunga geti. Selpher hakumlaumu. Peres alivuta pumzi ndefu pale mgongoni, na alama ile ikalegea, lakini upande mmoja tu.

Akabaki Ochola. Simu yake haikupatikana. Chumba alichokuwa amepanga Kawangware kilikuwa na mpangaji mwingine, na majirani walijua tu kwamba alifungasha vitu vyake akasema Nairobi imemshinda. Kwao ni wapi? Muda wote Ochola alipokuwa akimleta Moti kibandani, Selpher hakuwahi kumuuliza. Aliona aibu hata kulia.

Walirudi Uthiru giza likiingia. Alimlaza mtoto, akamfunika, akamwambia kesho watamtafuta yule mtu tena. Peres akainama ukingoni mwa kitanda, akachungulia chini, akatega sikio. Kisha akanong'ona.

"Mami, inauliza Ochola ako wapi."