Doa Lililopigwa Pasi

Kila Jumamosi asubuhi, Kiherehere alimsaidia shangazi yake kukunja mashuka katika chumba cha kufulia cha chuo cha hoteli, ambako wanafunzi hujifunza kwa kuwahudumia wageni wa kulala. Jina hilo la utani alipewa kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika. Lakini Jumamosi hii alinyamaza kama maji ya mtungi.

"Mwanangu, leo ulimi umeuacha nyumbani?" shangazi aliuliza.

"Naogopa kusoma mbele ya watu, shangazi."

Hakudanganya, ila hakusema yote. Chuo kilikuwa kinatimiza miaka arobaini. Wanafunzi wa shule ya jirani walishindana kuandika historia yake, na insha ya Kiherehere ndiyo iliyochaguliwa kusomwa saa nne mbele ya wageni. Ndani yake aliandika: "Tangu kianzishwe, chuo hiki hakijawahi kulalamikiwa na mgeni hata mara moja." Kumbe katika faili la zamani alilopewa na shangazi, aliiona barua ya malalamiko. Aliisoma, akairudisha palepale. Nani angempa zawadi mtoto anayeanika aibu ya chuo kinachosifiwa kila kona?

Shangazi alisimamisha pasi ghafla. "Shuka hili liweke kando, lina doa. Doa ukilipiga pasi halitoki tena, hata usugue mpaka kucha ziishe."

Kiherehere aliliweka kando bila kumtazama shangazi usoni.

Saa nne ukumbi ulijaa. Mstari wa mbele aliketi bibi mmoja, mkongojo ukiwa mapajani.

"Yule ndiye mwanzilishi," shangazi alinong'ona. "Alianza na vitanda viwili na wanafunzi sita. Anakumbuka kila kitu."

Basi huyo angeutambua uongo, Kiherehere aliwaza. Alisimama hivyo hivyo, akasoma habari za vitanda viwili, za jiko la mkaa, na za wahitimu wanaogombewa na hoteli kubwa. Kisha akaifikia sentensi ile. Alimtazama shangazi, akamwona anatabasamu kwa fahari, na hilo likamuumiza zaidi.

"Sentensi inayofuata si ya kweli," alisema. "Niliandika kwamba hakuna mgeni aliyewahi kulalamika. Barua niliiona, nikaiacha makusudi. Mgeni aliandika, 'Jana nililala juu ya chai ya mtu mwingine.'"

Mkuu wa chuo alikuna kidevu. Shangazi aliinamisha kichwa, na Kiherehere akatamani ardhi ipasuke immeze.

Bibi aliinuka taratibu.

"Shuka lile nililitandika mimi," alisema. "Doa nililiona. Kwa haraka zangu nikalipiga pasi, nikalifunika kwa mto. Barua ilipokuja, niliwasomea wanafunzi wangu sita na kuwaambia kosa ni langu. Toka siku hiyo, hapa hakitandikwi kitanda kabla shuka halijakaguliwa kwenye mwanga wa dirisha. Sifa zote mnazozisikia zilianzia kwenye barua hiyo."

Akamshika Kiherehere bega.

"Kosa ni doa, mjukuu wangu. Ukilionyesha mapema, linafulika. Ukilificha, umelipiga pasi. Wewe umeliwahi likiwa bichi. Haya, endelea kusoma, na hiyo chai uiandike."

Shangazi ndiye aliyeanza kupiga makofi. Kiherehere alivuta pumzi, akaikata sentensi ile kwa kalamu, akaendelea kusoma.