Chaza Wazima wa Mama Moto

Asubuhi hiyo Mama Moto alikuwa amefura. Jina hilo alipewa kwa sababu hasira zake zilikuwa karibu. Yeye na mumewe walifuga chaza kwenye vikapu vilivyoning'inia baharini. Chaza hao ndio waliolisha nyumba. Sasa walikuwa wanakufa. Kila kikapu alichoinua kilikuwa na chaza walioachama, wananuka.

Alikwangua nyama iliyooza, akaitupa majini pamoja na magamba. Ndivyo walivyofanya siku zote, maana chaza wachanga hujishikiza kwenye magamba.

"Waliobaki tuwahamishe," alimwambia mumewe. "Tuwapeleke ghuba ya dada yako."

Walipofika na vikapu, wifi yake alisimama ufukweni, mikono kiunoni.

"Wifi, hata kikapu kimoja hakiingii humu!"

"Unataka watoto wa kaka yako walale njaa?"

"Nataka chaza wangu wasife kama wenu."

"Hawa wazima! Kwani huna macho?"

"Macho ninayo. Nimemwita mtaalamu wa maabara. Akisema ni wazima, vikapu nitavibeba mwenyewe."

"Una roho mbaya wewe!"

Mama Moto aliondoka akisonya. Mumewe alibeba vikapu, akamfuata.

Mtaalamu, dada mmoja mwenye sanduku la barafu, alikuja kesho yake. Alichukua chaza wa pande zote mbili, wanono pia.

"Hao wazima, dada!" Mama Moto alidakia. " Chukua wanaokufa!"

"Mama, chaza anaweza kuwa na ugonjwa na bado akapendeza. Kimelea ninachokitafuta ni kidogo mno, jicho halikioni. Mlaji hakimdhuru, lakini chaza kinamuua."

"Sasa wewe utakionaje?"

"Kila kiumbe kina vinasaba vyake, kama alama ya kukitambulisha. Nitakata kipande cha nyama. Mashine itatafuta alama ya kimelea na kuinakili mara nyingi sana. Hata kikiwa kidogo, kitajulikana."

Majibu yalikuja. Chaza wa wifi hawakukutwa na kimelea. Wa Mama Moto walikuwa nacho, hata wale wanono.

"Nani kanitilia kimelea hicho?" alifoka.

"Kilikoanzia sijui," alisema mtaalamu. "Lakini nyama iliyooza mnaitupa wapi?"

"Majini."

"Hapo ndipo mlipokieneza. Waliokufa wafukieni nchi kavu, mbali na maji. Magamba yaanikeni juani muda mrefu kabla ya kuyarudisha. Na msihamishe chaza kabla hawajapimwa."

Mama Moto alikasirika mpaka machozi yakamtoka. Safari hii hakuwa na wa kumfokea. Kidogo tu angewamaliza chaza wa wifi yake kwa mikono yake mwenyewe.

Waliwatoa chaza wote, wakawafukia. Vikapu wakavisugua na kuvikausha. Miezi hiyo migumu walifanya kazi kwa wifi, naye aliwalipa. Mtaalamu aliporidhika na vipimo vya ghuba yao, wifi akawapa chaza wachanga waliopimwa. Wakakua, wakanenepa.

Siku moja mchuuzi alileta chaza wa kufuga, wanang'aa.

"Wamepimwa?" Mama Moto alimwuliza.

"Wapimwe ya nini? Wazima hawa! Kwani huna macho?"

Mama Moto alisimama ufukweni, mikono kiunoni.

"Macho ninayo! Hata kikapu kimoja hakiingii humu!"

Nyuma yake wifi alicheka mpaka akakaa chini.

"Unacheka nini?"

"Wifi," alisema akifuta machozi, "una roho mbaya wewe!"