Ndoana ya Ushanga Mwekundu

Kila siku kabla ya kwenda shule, Chiku alifagia kibaraza cha baba yake na kuokota pini zilizoanguka chini ya cherehani. Mzee Zamoyoni, fundi nguo wa Chato, hakuwa na nafasi hata ya kujikuna mwaka ule. Wachimbaji wa dhahabu walikuwa wakimiminika Geita, na kila mmoja alitaka suruali ya kaki.

Hata hivyo, hakuziacha ndoana zake. Zamani alipokuwa mpishi wa misafara ya watalii wavuvi milimani, alijifunza kwao kufunga manyoya kwenye ndoana kwa uzi mpaka yafanane na mdudu. Hapa ziwani wadudu huinuka kwa wingi alfajiri, na samaki aitwaye kuyu huwafuata mpaka karibu na mawe ya ufukoni.

Ijumaa moja jioni, Mbuke, rafiki yake Chiku, alifika akihema.

"Shikamoo, Baba Chiku. Mama amejifungua mtoto wa kiume, lakini maziwa ni haba. Anatamani supu ya kuyu. Mjomba Maduhu atatupeleka kwenye mawe kesho."

"Marahaba, mwanangu. Hongereni sana." Mzee Zamoyoni akamsogezea Chiku kisanduku. "Leo utafunga wewe. Kuyu ana nguvu, kwa hiyo acha hizi ndoana ndefu nyembamba, chukua fupi nene. Ushanga si urembo. Kazi yake ni kuyazamisha manyoya. Tafuta wenye tundu pana."

Chiku alisikiliza kwa sikio moja. Kila msimu wa ngoma, baada ya mavuno, yeye na Mbuke walikaa siku nzima wakichagua shanga za kuvaa, na hakuna aliyemshinda kwa jicho. Akachagua ushanga mwekundu, mkubwa, unaong'aa. Kumbe tundu lake lilikuwa jembamba. Uligoma kupita kwenye kile kijino cha ndoana kinachomzuia samaki asichomoke.

Baba alipokwenda kutawadha, Chiku alichukua tupa ya kunolea mkasi akakisaga kijino chote. Ushanga ukapita. Akafunga manyoya ya kanga kwa uzi mweusi, na kwa kweli ilipendeza.

"Umepita bila taabu?" baba aliuliza aliporudi.

"Umepita, baba," Chiku alijibu huku akitazama pembeni.

Asubuhi Mbuke ndiye aliyeshika ufito, kwa kuwa aliyetamani supu alikuwa mama yake. Hawakukaa sana, kuyu akanasa. Ufito ukapinda, Mbuke akavuta, samaki akaja mpaka wakaliona tumbo lake jeupe. Akatikisa kichwa mara moja tu, akaenda zake. Ndoana ikarudi tupu, na ushanga wake unameremeta.

"Umelegeza uzi, Mbuke," Mjomba Maduhu alifoka. "Kesho utabaki nyumbani. Nitakuja peke yangu."

"Sikulegeza, mjomba," Mbuke alisema, machozi yakimlengalenga.

Njiani Chiku alijifanya hamnazo. Lakini walipokaribia nyumbani, Mbuke alimnong'oneza, "Labda kweli nililegeza." Maneno hayo yalimchoma Chiku kuliko kofi. Akasimama katikati ya njia.

"Mjomba, Mbuke hana kosa. Nilikisaga kijino cha ndoana ili ushanga wangu upite, na sikumwambia mtu."

Mjomba Maduhu alipitisha kidole gumba kwenye ndoana. Kisha akamgeukia Mbuke.

"Ng'wanawane, mwanangu, nisamehe. Nimekusingizia."

Chiku alimweleza baba yake yote. Mzee Zamoyoni hakumgombeza. Alimrudishia kile kisanduku, akaendelea kushona. Chiku akachukua ndoana nyingine, akajaribu shanga kumi na moja, moja baada ya nyingine, hadi akapata mmoja wa rangi ya matope ulioteleza juu ya kijino bila kukwama.

"Mbaya huo," Mbuke alisema, akikunja pua.

"Samaki hana habari na ngoma," Chiku akajibu, na wote wawili wakacheka.

Jumapili jua halijachomoza, Mbuke alivuta kuyu mrefu kama mkono wake. Samaki alitikisa kichwa mara tatu na hakwenda popote. Mjomba Maduhu alicheza juu ya jiwe kwa furaha, akateleza, akaangukia majini na kofia yake. Walirudi nyumbani wakiimba, mjomba akichuruzika maji.

Mama Mbuke alikunywa supu huku kichanga kimelala mapajani. Alipokwisha kusimuliwa yote, alimwita Chiku akae karibu naye.

"Ukikosea ndoana, unafunga nyingine, na jana ulifunga," alisema. "Lakini ukimwachia rafiki abebe kosa lako, humpati mwingine kama yeye. Ulisema kweli kabla hujampoteza, na mimi nakushukuru kwa hilo kuliko kwa samaki."

Chiku aliinamisha kichwa akitabasamu.

"Basi," Mama Mbuke akasema, akinyoosha bakuli, "niongezeeni supu."