Kopo la Nelly

Mimi Sikitu nina kinyaa tangu utotoni. Kila asubuhi, nyumbani kwetu Viwanja Sitini, nafagia uwanja na kuosha vyombo, lakini zamu yangu ya kusafisha choo namsukumia kaka yangu Lukelo. Kwa hiyo tulipopewa vikopo shuleni tuvirudishe na haja kubwa ili tupimwe minyoo, nilitamani ardhi ipasuke.

Mara ya kwanza mama alinisaidia, nikakutwa na minyoo. Tukapewa dawa mpya iliyokuwa kwenye utafiti. Baada ya wiki mbili, Daktari Brigitha, mzaliwa wa Katindiuka anayeongoza kampuni ya kutengeneza dawa hiyo, alitaka kujua kama tumepona, tukapewa vikopo tena. Safari hii mama alikuwa shambani kwenye mpunga. Nilichungulia chooni, kichefuchefu kikanipanda. Nikamwomba rafiki yangu Nelly anigawie kinyesi chake, akanigawia.

Majibu yakaja: nimepona. Nikapigiwa makofi. Muuguzi aliyekuja na daktari akatuambia daktari huyo angeondoka na majibu hayo mchana, na dawa ingeanza kupelekwa kwa watoto wengine.

Wakati wa mapumziko tumbo likanisokota, nikakimbilia chooni. Mnyoo mweupe, mrefu kama penseli, ulinitoka ukiwa hai, ukijinyonganyonga. Nilitapika hadi machozi yakanitoka. Nilipotulia nikawafikiria wale watoto wengine, na hapo nikajionea kinyaa mimi mwenyewe.

Nilimkuta daktari akipakia maboksi kwenye gari. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Hakufoka, ila alikunja uso kama aliyenusa mzoga. Aliniambia kwamba kabla ya kupewa ofisi kubwa, alitumia miaka kumi na moja akiinamia hadubini na kupima vinyesi vya watu wa bonde hili. Alipopata uongozi, aliletewa dawa nyingine iliyosifiwa sana. Baadaye akagundua wakusanyaji walijaza vikopo vingi kwa haja ya mtu mmoja. Watoto walikuwa wameinywa na kubaki wagonjwa. Akaisimamisha, ingawa wakubwa wenzake walimnunia.

"Kinyesi hakinitii kinyaa, mwanangu," alisema. "Kinachonitia kinyaa ni majibu ya uongo."

Akaingia darasani, akauliza nani mwingine aligawiwa. Mikono sita ikanyooka. Nelly aliinama, wanne kati yao aliwagawia yeye. Daktari akashusha maboksi, akaahirisha safari.

Tulipewa vikopo vipya. Changu nilikijaza mwenyewe, pua nimeibana. Majibu ya kweli yalionyesha kwamba wengi wetu bado tulikuwa na minyoo. Dawa mpya ikarudishwa maabara, nasi tukapewa ile ya kawaida, tukapona.

Siku ya kutuaga, daktari alisimama mbele ya darasa bila tabasamu.

"Mtu akiona kinyaa, anaweza kunawa mikono, mambo yakaisha," alisema. "Lakini mkiandika kwamba mgonjwa amepona, hakuna atakayehangaika tena kumtibu. Semeni kweli, hata kama inanuka."